TAMKO LA TAWI: SIMU YAKO INAJUA ULIKOLALA. NANI MWINGINE ANAJUA?

*Kwa wanachama wote, wapenzi na wakereketwa wa chama katika tawi letu*



Tamko hili ni refu kuliko matangazo yetu ya kawaida ya mikutano na michango. Tunaomba mlisome mpaka mwisho, hata kama ni kwa vipande, kwa sababu linahusu kosa tulilolifanya sisi viongozi wenu, na linahusu kitu ambacho kila mmoja wetu anatembea nacho mfukoni. Wenye wazazi au majirani wasiosoma vizuri maandishi madogo ya simu, tunaomba muwasomee.

*1. KILICHOTOKEA*

Katika mkutano mkuu wa tawi uliopita tuliwaomba mpakue programu moja ya bure ya kuandikisha mahudhurio. Nia ilikuwa njema. Daftari letu limechanika, majina yanaandikwa mara mbili, na kila tunapopeleka taarifa ngazi ya kata kunakuwa na ubishi kama akidi ilitimia au haikutimia. Kijana wetu mmoja akatuonyesha programu ambayo mtu akifika mkutanoni anabonyeza mara moja tu, jina linaingia kwenye orodha. Tukapiga makofi. Wanachama 41 waliipakua siku ileile, wengine kwa bando la kuazima.

Siku ya tatu, mwanachama mwenzetu ambaye ni fundi simu alikwenda nyumbani kwa katibu na simu yake mkononi. Alikuwa anashangaa kwa nini chaji inakwisha kabla ya mchana. Alipoingia kwenye mipangilio ya simu akakuta programu ile ya mahudhurio imechukua taarifa ya mahali alipo mara nyingi usiku kucha, yeye akiwa amelala na hakuna mkutano wowote. Alituonyesha pia kwamba wakati wa kuipakua iliomba ruhusa ya kujua mahali ulipo muda wote, hata ikiwa imefungwa. Wengi wetu tulibonyeza kukubali bila kusoma, kwa sababu katibu alikuwa amesimama mbele anasubiri na watu walitaka kurudi kwenye shughuli zao.

Kamati ilikutana jioni hiyohiyo. Tulisoma masharti ya programu ile, kurasa nyingi za Kiingereza. Ndani yake imeandikwa kwamba taarifa za mtumiaji zinaweza kupewa "washirika" wa kampuni. Washirika hao hawatajwi popote.

*Tunaomba radhi.* Sisi ndio tuliowaambia muipakue, nanyi mkaipakua kwa kutuamini. Mwanachama anapobonyeza "kubali" kwa sababu kiongozi wake amemwambia abonyeze, huyo hajakubali, ametii. Uzito wa jambo hili ni wetu, siyo wa kijana aliyeileta. Yeye alitaka kusaidia, na tunaomba asinyooshewe kidole na mtu yeyote.

Agizo la kwanza, kabla hamjaendelea kusoma: *aliyeipakua programu ile aifute leo.* Asiyejua kuifuta afike kwa fundi wetu, huduma hiyo ni bure kwa wanachama.

*2. SI SISI WA KWANZA*

Baadhi yenu mlituuliza kwenye kundi kama hili siyo jambo la kukuza tu. Tunajibu kwa mifano iliyochunguzwa na kuthibitishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na programu ya tochi kwa simu za Android, inaitwa Brightest Flashlight. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa ya simu, basi. Ilipakuliwa mara zaidi ya milioni 50. Mwezi Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba programu hiyo ilikuwa inatuma mahali alipo mtumiaji, pamoja na namba ya utambulisho ya simu yake, kwa kampuni za matangazo, bila kumwambia. Lililotushangaza zaidi ni hili: programu ilikuwa na kitufe cha kukubali masharti na kitufe cha kukataa. Lakini kabla mtu hajabonyeza chochote, taarifa zilikuwa zimeshaanza kutumwa. Kitufe cha kukataa kilikuwa pambo.

Mwaka 2016 tume hiyohiyo iliipata kampuni ya matangazo ya InMobi na makosa ya kufuatilia mahali walipo mamia ya mamilioni ya watu, wakiwamo watoto. Kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 950,000. Katika kesi hiyo kuna jambo ambalo kila mmoja wetu analipaswa alijue. Hata mtu aliyekataa kutoa ruhusa ya mahali alipo, kampuni ilikuwa inakisia alipo kwa kuangalia mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu na simu yake. Umefunga mlango, mtu anapitia dirishani.

Mfano wa tatu unatugusa zaidi sisi wa huku. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, jarida la mtandaoni la Marekani, waliandika kwamba programu ya Muslim Pro, inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu duniani kujua nyakati za swala na uelekeo wa kibla, ilikuwa inapeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni inayoitwa X-Mode. X-Mode nayo ilikuwa inauza taarifa za aina hiyo, na miongoni mwa waliozipata ni wakandarasi wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walitangaza kukata uhusiano na X-Mode. Mwezi Desemba mwaka huohuo Apple na Google waliwataka wenye programu waitoe X-Mode ndani ya programu zao. Mwezi Januari 2024, FTC iliizuia kampuni hiyo kuuza taarifa za watu kufika sehemu nyeti, kama hospitali, nyumba za ibada na makazi ya wanaokimbia ukatili wa majumbani. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa aina yake wa tume hiyo.

Fikirieni. Mtu anafungua simu alfajiri ajue adhana ni saa ngapi. Hakuna ubaya wowote katika alichofanya. Na ni kwa kitendo hicho hicho cha ibada ndipo amechorwa kwenye ramani ya mtu asiyemjua.

*3. INAVYOFANYA KAZI*

Fundi wetu ametusaidia kueleza kwa lugha rahisi.

Simu inajua ilipo kwa njia kadhaa. Inasikiliza setilaiti za GPS, ambazo zinaweza kuionyesha mahali ilipo kwa kukosea mita chache tu. Inaangalia minara ya simu iliyo karibu. Inaangalia Wi-Fi za jirani, hata kama hujajiunga nazo, na vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu. Kwa hiyo kuzima GPS peke yake hakutoshi.

Mara nyingi aliyetengeneza programu siye anayezichukua taarifa zako moja kwa moja. Mtengenezaji anataka hela, na programu yake ni ya bure. Inakuja kampuni nyingine inamwambia: chukua kipande hiki cha programu yetu, kiweke ndani ya programu yako, tutakulipa kulingana na wingi wa watumiaji wako. Kipande hicho kinakaa ndani kama abiria aliyejificha kwenye mzigo. Wewe umeruhusu programu ya hali ya hewa, au mchezo wa mtoto, au ya kuandikisha mahudhurio. Ruhusa uliyompa mwenye nyumba anaitumia pia mgeni wake. Kutoka hapo taarifa zinauzwa kwa dalali, dalali anamuuzia mwingine, na huko mwisho hakuna anayeweza kukwambia zimefika wapi.

Watetezi wa biashara hii husema: "Hatuchukui majina, tunachukua namba ya simu janja tu." Hilo halitoshi kututuliza. Mwaka 2013 watafiti walichunguza mienendo ya watu milioni 1.5 kwa kutumia kumbukumbu za simu za miezi 15, bila majina. Walikuta kwamba ukiwa na nukta 4 tu za mahali na saa, unaweza kumtofautisha mtu na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Nukta 4, ndugu zetu. Mahali unapolala, mahali unapofanya kazi, mahali unaposali, na mahali ulipokuwa Jumamosi iliyopita saa 10 jioni. Mtaani kwetu hata nukta 2 zinatosha. Simu inayolala nyumba ya tatu kutoka kisimani na kushinda kwenye genge la nyanya ni ya nani? Kila mtu anajua.

*4. "MIMI SINA CHA KUFICHA"*

Hii ndiyo hoja tuliyoisikia zaidi, na imesemwa na watu tunaowaheshimu, wakiwamo wazee wetu wawili kwenye kamati. Tunawajibu kwa heshima.

Kwanza, kuwa na siri na kuwa na stara ni mambo mawili. Nyumba zetu zina mapazia, na hakuna anayesema mwenye pazia ni mwizi. Akina mama wanajifungia wanapooga, na hakuna anayeuliza wanaficha nini. Kutaka watu wasijue kila unapokanyaga ni heshima ya kawaida ya mtu.

Pili, tujiulize tawi hili ni kitu gani. Ni watu wanaokutana kwa sababu ya msimamo wao wa kisiasa. Mwenye orodha ya simu zilizokuwa pamoja Jumapili saa 9 alasiri kwenye uwanja wetu wa mikutano, huyo ana orodha ya wanachama wetu. Mwenye kujua simu gani zilikwenda usiku nyumbani kwa mwenyekiti, huyo anajua nani ni nani ndani ya tawi. Kuna mwanachama hapa anafanya kazi kwa tajiri asiyekipenda chama chetu. Kuna mwalimu. Kuna kijana ambaye baba yake yuko chama kingine na bado wanakula sahani moja. Hao wamechagua wenyewe nani aambiwe na nani asiambiwe. Sisi tawi hatuna haki ya kuwachagulia, na kampuni isiyojulikana haina haki hiyo hata kidogo.

Tatu, wewe huenda kweli huna cha kuficha. Jirani yako anacho, na hajafanya kosa. Kuna anayechukua dawa kliniki kila mwezi na hajamwambia mtu. Kuna dada aliyekimbia kipigo na amejificha kwa shangazi yake. Tukisema kwa pamoja kwamba jambo hili halina maana, tunakuwa tumewatoa hao.

Nne, wengine wanasema kampuni za simu zinajua tulipo siku zote, kwa hiyo kuna jipya gani? Ni kweli mnara unajua laini yako iko karibu nao, vinginevyo simu isingeita. Lakini kampuni ya simu ina leseni hapa nchini, ina ofisi, ina mdhibiti anayeweza kuiita na kuiuliza. Ile programu ya tochi au ya mahudhurio, unaiuliza wapi? Unapiga hodi mlango gani?

*5. KUANZIA MAHALI HADI MKOPO*

Wengi wetu tulianza kuuelewa ubaya wa ruhusa hizi kupitia mikopo ya simu. Mama mmoja wa tawi letu, tumeomba ruhusa yake kusimulia na jina hatutaji, alikopa kwenye programu moja ya mikopo ili aongeze mtaji wa genge. Alichelewa siku 6. Wakaanza kupigiwa simu dada yake, mchungaji wake na mteja wake wa jumla. Kisha yeye mwenyewe akapigiwa na mtu asiyemjua, akaambiwa: "Tunajua uko sokoni sasa hivi, usituambie umesafiri." Alifunga genge siku hiyo akarudi nyumbani kwa hofu. Deni alilipa. Hofu imebaki, mpaka leo akienda sokoni anaacha simu nyumbani, na wateja wanaotaka kuagiza kwa simu hawampati.

Tunajua hayuko peke yake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila leseni. Google nao, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, walikataza programu za mikopo binafsi kwenye duka lao zisichukue majina ya watu kwenye simu ya mkopaji, picha zake wala mahali hasa alipo. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa namna ilivyotumia majina na namba za watu. Kwa hiyo wakubwa wa biashara hii na wadhibiti wanakubali kwamba tatizo lipo. Lakini programu iliyopakuliwa nje ya duka rasmi, kwa kiungo kilichotumwa kwenye kundi, haiguswi na katazo la Google.

*6. SHERIA INASEMA NINI*

Hatuhitaji kuomba hisani. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais aliizindua rasmi mwezi Aprili 2024.

Kwa ufupi, sheria inataka anayekusanya taarifa zako akwambie anazikusanya kwa ajili gani, azitumie kwa ajili hiyo tu, na azilinde. Inakupa haki ya kujua alichonacho kukuhusu, haki ya kutaka kirekebishwe, na haki ya kulalamika kwenye Tume. Taarifa kama itikadi ya kisiasa, imani ya dini na afya ya mtu zinahesabiwa kuwa nyeti, na ulinzi wake ni mkali zaidi. Ina sehemu nzima kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi.

Angalieni sasa hapo kwenye taarifa nyeti. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya kampuni peke yake. Chama cha siasa nacho kinakusanya taarifa. Daftari la wanachama ni taarifa nyeti, kila ukurasa wake. Kwa hiyo sheria hii inatushika na sisi, na tuliikaribia vibaya siku ile tulipowaambia mpakue programu tusiyoijua.

*7. MSIMAMO WETU*

Hatupingi simu janja wala programu zinazotumia mahali ulipo. Dereva wa bodaboda anahitaji ramani ili amfikie abiria. Mvuvi anahitaji kujua upepo wa leo uko vipi. Mgonjwa anayeita msaada usiku anafurahi simu ikionyesha alipo. Tunachopinga ni kuchukuliwa kwa siri, kuchukuliwa zaidi ya kazi iliyoombwa, na kuuzwa kama mzigo wa magunia bila mwenye mali kujua.

Tunakataa pia tabia ya kumtupia lawama mtumiaji peke yake. Kila jambo hili likizungumzwa, utasikia: "Wananchi wasome masharti." Masharti gani? Kurasa 30 za Kiingereza cha mahakamani, kwenye kioo cha inchi 5, kwa mama anayesubiriwa na wateja? Ridhaa ya namna hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Yule wa tochi alibonyeza kukataa na bado akachukuliwa. Wale wa InMobi walinyima ruhusa na bado wakachukuliwa. Hata Google wenyewe: mwaka 2018 shirika la habari la AP liliripoti kwamba mtu aliyezima historia ya mahali bado alikuwa anahifadhiwa alipo kupitia mpangilio mwingine. Mwaka 2022 Google walikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza suala hilo. Kama majimbo 40 yenye wanasheria wao yalihitaji miaka kulifikisha mwisho jambo hilo, bibi yetu atalimaliza vipi kwa kusoma masharti?

Mtakuwa mmeona pia kwamba mifano yetu mingi mikubwa ni ya Marekani. Si kwa sababu huko ndiko kuna wezi zaidi. Ni kwa sababu huko kuna chombo kilichofungua programu, kikaangalia ndani, kikatangaza hadharani kilichokuta kwa majina. Hilo ndilo tunalolitaka hapa.

Kwa hiyo tawi linatamka hivi:

*(a)* Tunaiomba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi isisubiri malalamiko tu. Ichukue programu zinazopakuliwa zaidi nchini, izichunguze zinatuma nini na kwa nani, na itangaze matokeo kwa Kiswahili ambacho kila mtu atakielewa.

*(b)* Tunawaomba madiwani na wabunge wa chama chetu wadai kwamba programu yoyote inayotoa huduma kwa Watanzania iwe na maelezo ya ruhusa kwa Kiswahili, mafupi, kabla ya kuomba ruhusa yenyewe.

*(c)* Tunapeleka hoja ngazi ya kata na wilaya kwamba chama chetu, kwenye ngazi zote, kisimtake mwanachama apakue programu yoyote kama sharti la kuhudhuria, kupiga kura za ndani au kupata kadi, mpaka programu hiyo ichunguzwe na mtu anayeielewa kazi hiyo.

*(d)* Tawi letu linarudi kwenye daftari. Jipya limeshanunuliwa, lina jalada gumu. Litakaa kwa katibu, ndani ya kabati lenye kufuli, na mwanachama yeyote ana haki ya kuja kuangalia jina lake limeandikwaje. Tunajua wapo watakaosema tumerudi nyuma. Wacha waseme.

*(e)* Katibu ameandika barua kwa kampuni ya programu ile kuitaka ifute taarifa za wanachama wetu 41. Nakala itasomwa kwenye mkutano ujao. Wasipojibu ndani ya siku 30, tutapeleka lalamiko kwenye Tume kwa jina la tawi, na kila aliyeathirika atakayependa kuweka sahihi yake ataweka. Hakuna atakayelazimishwa, kwa sababu tumeshajifunza kuhusu kulazimisha.

*8. CHA KUFANYA LEO KWENYE SIMU YAKO*

Haya hayamalizi tatizo, lakini yanapunguza. Yanachukua dakika 10.

✅ Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya mahali, kisha angalia orodha ya programu zilizopewa ruhusa. Kila moja jiulize: kazi yake inahitaji kujua nilipo? Tochi haihitaji. Kikokotoo hakihitaji. Mchezo wa karata hauhitaji. Iondolee ruhusa.

✅ Zinazohitaji kweli, kama ramani au usafiri, zipe ruhusa wakati unazitumia tu, siyo muda wote. Simu nyingi za miaka ya karibuni zinakupa chaguo hilo.

✅ Kama simu yako inakuruhusu kuchagua mahali pa kukadiria badala ya mahali hasa, chagua kukadiria. Programu ya hali ya hewa inatosha kujua mji wako, haina haja ya kujua chumba chako.

✅ Nyakati za swala na kalenda za ibada unaweza kuzipata kwa kuandika jina la mji wako mwenyewe, bila kuruhusu simu ikutafute.

✅ Futa programu usizozitumia. Programu iliyolala kwenye simu si lazima iwe imelala kweli.

✅ Usipakue programu kwa kiungo kilichotumwa kwenye kundi, *hata kama kiungo hicho kimetumwa na kiongozi wa tawi.* Uliza kwanza.

✅ Kwenye simu ya Android, sehemu ya faragha au ya matangazo, unaweza kufuta namba ya utambulisho inayotumiwa na watangazaji. Kwenye iPhone, zima maombi ya kufuatiliwa.

✅ Angalia na simu za watoto. Michezo ya bure ndiyo inayojaa vipande hivi.

Wenye vitochi wametucheka kwenye kundi wiki nzima, na safari hii wana haki ya kucheka.

Jumamosi hii kuanzia saa 4 asubuhi, fundi wetu atakuwa kwenye kibanda chake kuwasaidia wanachama bila malipo. Leteni simu zikiwa na chaji. Hatagusa meseji wala picha zenu. Mwenye simu ndiye atakayebonyeza, yeye ataelekeza tu. Akina mama waliopenda kuelekezwa na mwanamke mwenzao, katibu wa wanawake atakuwepo tangu saa 5.

*9. MANENO YA MWISHO*

Wapo waliotushauri tusiandike tamko hili. Walisema ukikiri kosa hadharani, wapinzani wetu watalitumia. Kamati ilijadili hoja hiyo kwa saa nzima na hatukukubaliana wote. Waliokuwa wengi walisema hivi: tunawataka wenye kampuni wawaambie watu ukweli kuhusu wanachochukua. Tutawadai vipi ukweli huo ikiwa sisi, kwa watu 41 tunaowajua kwa sura na majina, tumeshindwa kuusema?

Basi tumeusema. Mwenye swali, malalamiko au hasira alete kwenye mkutano ujao, au amwone katibu nyumbani kwake. Na mkija mkutanoni, mtasaini kwa kalamu.

Mtumie mwenzako ujumbe huu.

*Imetolewa na Kamati Tendaji ya Tawi,*
*kupitia Katibu Mwenezi wa Tawi*